Nilipoushtaki Mrija

Tangu utotoni niliuchukia mrija. Naliweka hili mbele ili msomaji asinipe udhuru nisioustahili.

Kwetu Ibaba, juu kwenye vilima vya Ileje, pombe ya ulezi iitwayo kimpumu hunywewa kutoka chungu kimoja. Humiminwa maji ya moto, kisha wanaume huizunguka na kuivuta kwa mrija mrefu mwembamba. Chungu kimoja huwa na mirija miwili, mara chache mitatu, na watu wakiwa kumi na watano au ishirini, kila mmoja hungoja zamu yake. Anayepokea mrija haufuti. Hiyo ndiyo sheria, nayo haijaandikwa popote. Kuufuta ni kumtangazia mwenzako kwamba una shaka na kinywa chake, na shaka ya kinywa, kwetu, haiko mbali na shaka ya uchawi.

Nilipokuwa mtoto nilitumwa mara nyingi kumwita baba chunguni. Nilisimama nyuma ya migongo ya wanaume, nikaita, na wao wakacheka. "Mwambie mama yako ugali hauna miguu, hautakimbia," mmoja alizoea kusema, na baba alicheka pamoja nao badala ya kunijibu. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Hasira niliyokuwa nayo juu yake nikaihamishia kwenye mrija, kwa sababu mrija ulikuwa bado hai.

Baada ya baba kufa, nililelewa na mdogo wake. Baba mdogo ndiye aliyenibebea sanduku la bati kichwani hadi barabarani siku nilipoondoka kwenda shule ya bweni, na hakulitua hata mara moja. Baadaye alishuka Tunduma kutafuta kazi, akawa mpakizi wa mizigo kwenye malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Zambia. Alilala na wenzake wanane katika chumba kimoja chenye dirisha lililozibwa kwa bati. Mimi nilimaliza stashahada ya utabibu, nikarudi nyumbani kusubiri ajira ambayo haikuja, na wakati nikisubiri nikajitolea katika zahanati ya jirani.

Baba mdogo alirudi wakati wa baridi, mahindi yakiwa yanavunwa. Alikuwa amekonda hadi shati lilimning'inia, na alikohoa kikohozi kile ambacho mtu akikisikia mara moja hakisahau. Mimi mwenyewe nilimpeleka zahanati. Makohozi yake yalipelekwa hospitali ya wilaya kwa pikipiki, na jibu likarudi: kifua kikuu. Akaandikiwa dawa za miezi sita. Mgonjwa huchagua mtu wa kumsimamia akimeza dawa kila siku, naye bila kusita akaniteua mimi. "Nina tabibu ndani ya ukoo," alimwambia muuguzi, "nikamtafute nani mwingine?"

Siku chache baadaye jirani yetu alialika watu wamsaidie kubeba mahindi kutoka shambani. Ni desturi: watu hufanya kazi hadi alasiri, kisha mwenye shamba huwatolea chungu. Baba mdogo hakuwa na nguvu za kubeba, lakini alikwenda, akakaa pembeni akipukuchua mahindi machache, na chungu kilipotolewa alikuwa na nafasi yake kwenye duara. Tulikuwa uwanjani, upepo wa baridi ukivuma kutoka mlimani. Mwenye shamba aliniona nikipita.

"Binti yetu amesoma," alisema kwa sauti. "Hebu atupe neno la afya kabla hatujavuta."

Nadhani alitania. Mimi nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo tangu nikiwa na miaka saba.

"Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba, daktari!"

"Nitasema kweli, hata kama inauma. Kifua kikuu kinakaa kwenye mate, na mate yanakaa kwenye huo mrija. Mkiendelea kupokezana hivyo mtazikana mmoja baada ya mwingine."

"Basi tuvute kwa pua!" mmoja alidakia, na wote wakacheka.

"Mrija huu umemlea hadi baba yako," alisema mwingine. "Wewe mwenyewe umezaliwa ukinusa kimpumu."

Kisha mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu, mtu ambaye neno lake lilisikilizwa kuliko la mwenyekiti wa kitongoji, akauliza taratibu: "Kwani nani anaumwa kifua hapa?"

Chuoni tuliapishwa kutunza siri ya mgonjwa. Sikumtaja mtu. Lakini macho yangu yalikwenda kwa baba mdogo, na macho ya duara zima yakayafuata.

Mrija wakati huo ulikuwa mkononi mwake. Akauvuta kana kwamba hakusikia lolote, kisha akamnyoshea mzee wa kofia aliyekaa kuumeni kwake. Mzee akaupokea. Akautazama. Akavuta mkono wa sweta lake hadi kwenye vidole, akaufuta mdomo wa mrija, polepole, akiuzungusha.

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo aliinuka, akajipangusa vumbi, akaondoka bila kuaga.

Ningependa kuandika kwamba niliona aibu. Sikuona. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa fahari, nikijiambia kwamba kweli lazima iwe na watu wanaoumia kwa ajili yake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sikuwa nimewahi kukosea jambo lolote hadharani.

Nyumbani nikakaza sheria. Baba mdogo akatengewa kikombe, sahani na kijiko, na nikaagiza vichemshwe kila baada ya kutumika. Mama mdogo, mkewe, alitii kwa hofu. Kuni ziko mbali kwetu. Alizifuata hadi bonde la pili na kurudi na mzigo mgongoni, ili achemshe kikombe kimoja. Kila jioni nilipita kukagua vyombo kama mkaguzi wa shule.

Baba mdogo hakutoka tena. Shambani hakwenda, kanisani hakwenda, chunguni ndiko kabisa. Alikaa jikoni kwenye moto, na kwa kuwa ilikuwa baridi kali, mlango ulifungwa na tundu la dirisha likazibwa kwa magunia. Binti yao wa miaka mitatu alikaa mapajani mwake mchana kutwa, akapata joto. Usiku walilala humo humo wote watatu. Niliyaona hayo kila siku kwa macho yangu, sikuyatilia maanani, kwa sababu nilikuwa nimekuja kuangalia kikombe.

Asubuhi nilisimama mlangoni kumsimamia. Nilijifunga barakoa, nikasimama hatua tatu kutoka kwake.

"Umemeza?"

"Nimemeza, daktari." Hakuniita tena mwanangu.

"Vyote?"

"Vyote. Unataka kuhesabu meno?"

Chuo kilinifundisha nimwambie afungue kinywa na kuinua ulimi. Sikumwambia. Kwa kufanya hivyo ningelazimika kumsogelea.

Kijijini nilipata jina: Daktari wa Mirija. Vijana wa bodaboda walinipigia honi na kujifanya wanavuta kitu hewani. Jina hilo sikuliona kuwa tusi. Nililichukua kama ushahidi kwamba ujinga unapigana na mimi, na kwamba nitaushinda.

Miezi miwili ilipotimia, muuguzi wa zahanati alitaka kupima tena makohozi ya baba mdogo. Muuguzi huyo ni mama wa makamo, mkali, asiyepoteza neno. Chumbani mwa muuguzi, baba mdogo alikohoa zaidi kuliko siku ya kwanza. Muuguzi akakagua pakiti za dawa: vidonge vilikuwa vimetoka sawasawa. Akamgeukia baba mdogo.

"Mkojo wako una rangi gani, baba?"

"Rangi ya mkojo."

"Mweupe au mwekundu?"

"Kama maji tu."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Moja ya dawa zile hubadili mkojo kuwa kama chungwa. Anayezimeza hawezi kutoliona hilo. "Kwa hiyo unavitema," alisema. "Unavitema wapi?"

"Migombani."

"Kwa nini?"

"Nimeze ili iweje?" Baba mdogo aliongea akitazama sakafu. "Nikipona nirudi wapi? Wamenifutia mrija. Mtu akishafutiwa mrija kwetu, amezikwa bado akitembea."

"Mrija? Mrija unaingiaje katika kifua kikuu?"

Hakunitaja. Alininyoshea kidevu. "Muulize huyo msomi wenu."

Muuguzi alinigeukia. Nikaanza kueleza habari za mate, na kabla sijafika katikati nilisikia sauti yangu ikipungua.

"Wewe ulisoma chuo gani?" aliuliza, na hakutaka jibu. "Mtu mwenye kifua akikohoa, akipiga chafya, hata akiongea, vijidudu vinatoka na pumzi. Vinaelea. Nyumba ikiwa wazi, upepo unavichukua. Nyumba ikiwa imefungwa, anavivuta aliyemo. Kikombe hakina mapafu, binti. Mrija haukohoi. Huyu mtu alikuwa anakaa nje kwenye upepo na watu wazima. Wewe ukamtoa huko ukamfungia jikoni. Na nani?"

Nilitazama pakiti za dawa mezani.

"Nakuuliza, na nani?"

"Na mtoto," alijibu baba mdogo.

Niliporudi nyumbani nilifungua daftari langu la mwaka wa pili. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe: huenea kwa hewa, hauenei kwa vyombo wala kwa kushikana mikono. Nilikuwa nimepiga mstari chini yake mara mbili. Katika mtihani nililijibu swali hilo sawasawa. Sikuweza hata kujitetea kwamba sikujua. Nilijua, lakini nilitaka mrija uwe na hatia, na nilipompata mgonjwa niliona nimepata shahidi.

Mama mdogo alizipata habari kutoka kwa mumewe. Nilipofika kwao, nikiwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, alikuwa nje ya jiko na jembe mkononi.

"Miezi miwili!" alipiga kelele aliponiona. "Miezi miwili nachemsha kikombe! Kuni nakwenda kuzifuata mpaka mgongo umepinda, nachemsha kikombe, na mwanangu analala kifuani kwake!"

"Mama mdogo, naomba unisikilize..."

"Nimekusikiliza! Nimekusikiliza kuliko nilivyomsikiliza mchungaji!"

Akainua jembe akaupiga ukuta wa jiko mahali palipokuwa na lile tundu. Tofali la udongo likapasuka. Nikasogea kumsaidia, akanielekezea mpini. "Usiguse ukuta wangu." Aliendelea kupiga, akilia na kutukana kwa Kindali, lugha yetu, hadi pakawa na dirisha ambamo mtu angeweza kupita. Moshi wa miezi mingi ukatoka. Mtoto alikuwa amesimama ndani akitazama mwanga, na alipokohoa, mama yake alitupa jembe akaingia kumnyanyua.

Mtoto alipelekwa hospitali ya wilaya. Uzito wake ulikuwa umeshuka, na baada ya vipimo akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Dawa za watoto huyeyushwa kwenye maji. Mama mdogo alizipokea kwa mikono miwili na hakuruhusu nizishike hata kumsomea maelezo.

Baba mdogo aliyaona hayo na bado akakataa kuanza dawa upya. Muuguzi alimweleza hatari yake bila kumbembeleza: kwamba dawa inayochezewa huufundisha ugonjwa ukaidi, na ukishakuwa mkaidi huhitaji dawa kali zaidi kwa muda mrefu zaidi, kwamba kwa sasa vipimo vinaonyesha vijidudu vyake bado vinasikia dawa ya kawaida, na bahati hiyo haingoji. Na kwamba mtoto anayetibiwa hawezi kuendelea kulala karibu na baba asiyetibiwa.

"Nitameza," alijibu, "siku nitakayorudishwa nilipotolewa. Aliyenitoa ndiye anirudishe. Mbele ya wale wale."

"Huko ni kujiua kwa kisirani," muuguzi alimwambia.

"Ndiyo," alisema baba mdogo. "Kisirani ndicho nilichobakiwa nacho."

Nilisubiri mwaliko mwingine wa kazi. Wiki hiyo watu waliitwa kuvuna pareto kwa mjane mmoja, na alasiri chungu kikatolewa uwanjani. Nilikwenda na baba mdogo. Alitembea mbele yangu, akipumzika kila kilima, na hakunisemesha njia nzima. Tulipofika, duara lilijibana ghafla, mabega kwa mabega, kana kwamba hapakuwa na nafasi hata ya kuku.

"Shikamooni, wazee wangu."

Walioitikia walikuwa wachache.

"Nimekuja kusema kwamba nilikosea. Kifua kikuu hakipiti kwenye mrija. Kinapita kwenye hewa, ndani ya nyumba iliyofungwa. Nilikuwa nalijua hilo, na niliwaambia lisilo kweli. Na niliitoa siri ya mgonjwa wangu kwa macho yangu. Naomba mnisamehe, na baba yangu huyu mmrudishie nafasi yake."

Mzee wa kofia ya sufu aliisukuma kofia yake nyuma. "Siku ile ulituambia tutazikana. Leo unatuambia tunywe. Kesho utatuambia nini? Elimu yako ina misimu kama pareto?"

"Elimu haikubadilika, babu. Mimi ndiye niliyeipindisha."

"Kwa hiyo mrija ni safi?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo na kumaliza. Lakini uongo mmoja ulikuwa umetosha. "Si safi, babu. Kuna magonjwa mengine ya kinywa na ya tumbo yanayoweza kupita hapo. Kifua kikuu hakimo."

"Ahaa!" alidakia yule mtani wa siku ile. "Kauachia mrija mguu mmoja, bado anaukamata mwingine!"

Safari hii kicheko kilikuwa na meno. Mwanamume mmoja aliinuka, akasema, "Mimi nina wajukuu," akaenda zake. Wawili wakamfuata. Kwenye duara pakabaki mapengo, na baba mdogo akaketi katika mojawapo bila kukaribishwa. Akaushika mrija uliokuwa wazi, akavuta. Kisha hakumpa aliye kuumeni kwake. Aliunyosha juu, kwangu mimi niliyekuwa nimesimama.

"Pokea."

Sikuwa nimewahi kuugusa maishani mwangu. Niliupokea. Nilitambua kwamba wote wanaangalia mkono wangu kama nitaupeleka kwenye kitenge. Niliutia mdomoni ulivyo, wenye unyevu wa kinywa chake, nikavuta. Pombe ilikuwa ya vuguvugu, chachu, nzito kama uji. Ni mrija uliomwita baba yangu jioni zote zile, na nilikuwa bado nauchukia. Nikameza.

"Na sasa mimi," alisema mzee wa kofia. Alinyosha mkono, nikampa. Aliutazama mdomo wa mrija kama alivyoutazama siku ile, na mkono wake wa sweta ukasogea kidogo. Kisha akauingiza mdomoni. Alipomaliza alimgeukia baba mdogo.

"Nilikufuta mbele za watu."

"Ulinifuta."

"Nilisikia msomi anasema."

"Sote tulimsikia." Baba mdogo alikohoa, akageuza uso upande wa upepo, akaziba mdomo kwa kiwiko. "Kesho asubuhi uje kwangu. Naanza dawa upya, na anatakiwa mtu wa kunitazama nikimeza. Muuguzi amesema siku za dawa nisiguse pombe, kwa hiyo nitakaa na nyinyi nikinywa togwa. Lakini uje wewe. Huyu simtaki."

Hivyo ndivyo nilivyoondolewa kazini. Mzee alikuja kesho yake na kila siku iliyofuata, alfajiri, akiwa na fimbo. Nilimsikia kutoka upande wetu wa ua. Alikaa kwenye kigoda, magoti yake yakikaribia kugusana na ya mgonjwa, mlango ukiwa wazi na dirisha jipya likiingiza baridi. "Fungua. Inua ulimi. Huko nyuma ya jino bovu kuna nini? Fungua tena, usinifanye mtoto." Hakuna chuo kilichomfundisha, na aliyatimiza yote niliyoshindwa. Siku moja alitoka migombani akicheka, akatangaza hadi barabarani kwamba mkojo wa rafiki yake umekuwa fanta.

Mtoto alimaliza dawa zake kabla ya baba yake. Alinenepa, akaanza kukimbiza kuku, na kila alipokohoa kwa vumbi mama yake aligeuza shingo kunitafuta, kana kwamba kikohozi kinatokea mahali nilipo.

Baba mdogo alimaliza miezi yake sita. Siku ya jibu la mwisho nilikuwa mezani zahanati nikiandika majina ya wagonjwa. Muuguzi alisoma karatasi, akamwambia amepona. Baba mdogo akamshukuru. Akamshukuru mzee wa kofia, aliyekuja naye. Muuguzi, ambaye huwa hajali mambo ya watu, akaniangalia mimi, kisha akamwangalia baba mdogo.

"Na huyu?"

"Huyu aandike jina langu kwenye kitabu," alisema. "Ndiyo kazi yake."

Nikaliandika. Alisubiri hadi nikamaliza, akalitazama kama nimekosea herufi, akatoka.

Hadi leo tunaishi ua kwa ua. Ninapokutana naye njiani namwamkia, naye huitika, kwa kuwa kwetu shikamoo ya mtoto haiachwi bila jibu hata kwa uadui. Husema marahaba, hatamki neno lingine, na hupita.